Uzoefu wangu na Flickr: mpiga picha wa ridhaa aliyeko Mwanza anapata nini?

Picha ya jua likizama nyuma ya Jiwe la Bismarck ndiyo kipimo changu cha huduma yoyote ya kushirikishana picha. Ina kila kitu kinachoharibika kirahisi: anga inayohama polepole kutoka manjano hadi zambarau, jiwe lililobaki kivuli cheusi, na maji yenye mng'ao mdogo mdogo. Ukiituma kwenye kundi la WhatsApp kwa njia ya kawaida, upande wake mrefu unashuka hadi pikseli 1600 hivi, faili linabanwa, na anga iliyokuwa laini inatokeza ngazi za rangi. Taarifa za kamera nazo zinafutika. Mwenzako anakushauri upunguze ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga), kumbe ulipiga kwa ISO 100 na chenga anazoziona zimeletwa na kubanwa kwa faili. Kuituma kama nyaraka kunaokoa ubora, ila watu wachache wana hamu ya kufungua nyaraka ya MB 10 kwa bando lao ili tu waseme neno.

Kwa kazi ya kuonyeshana na kukosoana nimeegemea Flickr, huduma ya mtandaoni ya kupakia na kushirikishana picha. Tathmini hii ni ya akaunti ya bure, kwa mtu anayepiga kwa kupenda, anayetumia intaneti ya simu, na anayetaka kuambiwa kitu zaidi ya "umeua kaka".

Ubora wake mkubwa ni kwamba picha inabaki na taarifa zake. Chini ya picha mtazamaji anaona kamera, lenzi, ukubwa wa tundu la lenzi, urefu wa fokasi, spidi ya shata, ISO na tarehe. Maoni yanapata mahali pa kushika.

Chukua mnandi anayeruka kutoka kwenye mawe ya kisiwa cha Saa Nane, mabawa yametoka na ukungu. Mahali pasipo na taarifa, kila mtu atasema fokasi imekosa. Ukisoma taarifa ukakuta milimita 250 na 1/160 ya sekunde, tatizo linajitaja: ndege anayeruka hazuiliki kwa 1/160, na kwa urefu huo hata mkono wa mpigaji unatikisika. Ushauri unakuwa mfupi: anza na 1/1600, acha ISO ipande hadi 800 au 1600, chenga kidogo si kitu. Ukikuta 1/2000 na picha bado haijakaa, hapo ndipo uulize habari ya fokasi: je, kamera ilikuwa inafuatilia ndege mfululizo, au ilifunga mara moja ikabaki hapo? Na kama ni mchana wa jua kali na ndege yuko mbali, huenda lawama ni ya joto linalopanda juu ya maji. Hilo halitibiwi na lenzi ghali. Sogea karibu, au rudi asubuhi.

Boti za dagaa za usiku ndizo zinazowashinda wengi. Wavuvi hutoka usiku usio na mbalamwezi, taa zikielea juu ya maji, na mpiga picha aliyeko ufukweni anaweka kamera kwenye stendi, ISO 100, sekunde 4. Mawe yanatoka safi kabisa, taa zinatoka kama minyoo. Stendi imetuliza kamera. Boti haijatulia, inayumba na mawimbi. Kwa lenzi ya tundu pana la f/1.8 jaribu 1/30 kwa ISO 3200, kisha angalia kama boti moja imekaa. Au piga mapema, anga ikiwa bado na buluu. Huku karibu na ikweta nafasi hiyo ni finyu, dakika 20 na kidogo baada ya jua kuzama, basi. Rangi nayo iangaliwe: karabai inatoa mwanga wa njano, taa nyingi za LED zinatoa mweupe wenye ubuluu, na zikichanganyika hakuna mpangilio mmoja wa rangi utakaozitosheleza zote. Taarifa za picha zikionyesha mizania ya weupe (mpangilio wa kusawazisha rangi ya mwanga) iliachwa ijiamulie, mshauri mwenzako aifunge kwa kukadiria taa iliyo kubwa kwenye picha.

Dagaa waliotandazwa kuanikwa wana kosa lao. Wanang'aa fedha tupu, kamera inadhani eneo lote lina mwanga mno, inapunguza, na picha inatoka ya kijivu. Ongeza fidia ya mwanga kwa +0.7 hivi, kisha hakiki kwamba migongo ya samaki haijageuka nyeupe isiyo na chochote. Na kabla ya hayo yote, msalimie mwenye dagaa na umwombe ruhusa. Picha ya hadharani kwenye Flickr inaonwa dunia nzima, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sura za watoto wa mwaloni, yaani soko la samaki la ufukweni, mimi nasema zisipandishwe.

Sasa upande wa kutayarisha faili, maana hapa ndipo bando linapookolewa au kumalizika. JPEG kutoka kamera ya megapikseli 24 mara nyingi huwa MB 8 hadi 12. Kumi tu zinakula kama MB 100. Kwa ajili ya kukosolewa huhitaji ukubwa huo. Toa nakala yenye upande mrefu wa pikseli 2048, ubora wa JPEG kati ya 80 na 85, rangi za sRGB, mfumo wa rangi unaosomwa na simu na tovuti karibu zote. Picha ya anga na maji tulivu itatoka chini ya MB 1. Ya magugu maji au umati wa Mwaloni Kirumba itazidi kidogo, kwa sababu kila jani na kila kichwa ni maelezo yanayohitaji nafasi. sRGB usiipuuze. Faili lililoachwa kwenye mfumo mwingine wa Adobe RGB linaweza kuonekana limefifia kwenye simu zisizozingatia aina ya rangi, na utapokea maoni ya "ongeza rangi" kwa picha isiyo na tatizo.

Kunoa picha kufanyike baada ya kupunguza ukubwa. Ukinoa kwanza, kingo za mawe dhidi ya anga huota mstari mweupe, na kila mtu atauona.

Programu ya kuedit nayo ichunguzwe kabla ya kuituhumu Flickr. Nyingi zina kitufe cha kuondoa taarifa wakati wa kutoa nakala, nacho kikiwa kimewashwa unapakia picha bubu. Picha iliyopitia WhatsApp kutoka kamera kwenda simu pia hufika bubu. Tumia kisoma kadi cha OTG, kile kinachochomekwa kwenye simu, au waya. Ukitumia programu ya kamera kupitia WiFi au Bluetooth, angalia ukubwa inaohamisha: SnapBridge ya Nikon, kwa mfano, hujihamishia picha za megapikseli 2 usipobadili mpangilio. Zinatosha kutazama tu. Ukitaka kukata ndege aliye mbali abaki peke yake, hazitoshi.

Saa ya kamera nayo. Kamera nyingi zinazouzwa mitumba zinakuja na saa za nchi nyingine, na picha ya machweo inaonekana imepigwa alfajiri. Weka UTC+3, yaani saa za Afrika Mashariki, mfumo wa saa 24. Kwa hesabu yetu jua la Mwanza huzama kati ya saa 12:35 jioni na saa 1:10 usiku kutegemea mwezi, mapema zaidi Novemba na kuchelewa zaidi Februari, kwa hiyo kamera iandike kati ya 18:35 na 19:10. Hili lina faida kubwa kuliko linavyosikika: mtu akiona picha yako ya Bismarck ikiwa na tarehe na saa sahihi, anajua arudi lini apate jua likiwa pale pale. Juni linazamia kaskazini kidogo ya magharibi, Desemba kusini kidogo, na tofauti ya pande hizo mbili inafika nyuzi 47 hivi. Ukisimama sehemu moja ya ufukwe wa Kamanga, jiwe lililokuwa mbele ya jua Juni litakuwa kando kabisa Desemba.

Lebo zina mtego mmoja. Ukiandika "Mwanza" peke yake picha yako inachanganyika na za Mwanza ya Malawi, mji wa mpakani upande wa Msumbiji. Ongeza Tanzania, Ziwa Victoria na jina la mahali: Kirumba, Capri Point, Ukerewe, Busisi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, lenye urefu wa kilomita 3 na zaidi, litafutwe kwa majina yake yote mawili, hilo na la Daraja la J.P. Magufuli. Ramani ya mahali picha ilipopigwa ni nzuri kwa mawe na fukwe. Kwa picha za nyumbani, izime kwenye mipangilio ya faragha.

Makundi ndiyo moyo wa huduma hii, na ndiyo yanayotofautiana sana. Yapo yanayolazimisha: ukiweka picha moja, toa maoni kwa mbili. Wazo lake zuri, matokeo yake mabovu. Watu wanabandika pongezi zilezile mbili haraka haraka ili deni liishe. Mimi nakwepa. Kundi linalofaa ni dogo, lina msimamizi aliyeweka kikomo cha picha moja kwa siku kwa kila mwanachama (mpangilio huo upo), na linamtaka mwenye picha aandike alichokuwa anakitafuta. "Nilitaka jiwe liwe jeusi kabisa" inamzuia mtu kupoteza muda kukuambia uongeze mwanga kwenye jiwe.

Ukianzisha la watu wa Mwanza, lifanye la wazi ila la kujiunga kwa mwaliko. Kwenye kundi la siri, picha nazo zikitakiwa kubaki siri lazima zipakiwe zisizo za hadharani, na akaunti ya bure inaruhusu picha 50 tu za namna hiyo.

Kutia moyo kunahitaji ufundi wake. Maoni ninayoyaona yanafanya kazi yana sifa moja mahususi na namba moja. "Dada, mstari wa mtumbwi unaoingia kutoka kona ya kushoto unanipeleka moja kwa moja kwa mvuvi, upeo wa maji umeinama nyuzi mbili hivi, unyooshe." Ziwa halisamehi mwinamo. Milimani haionekani, ila maji yakiinama kila mtu anahisi yanamwagika. Ukiwa kwenye kompyuta unaweza pia kuchora kisanduku juu ya sehemu ya picha ya mwenzako na kuandika ndani yake, badala ya kueleza "pale juu karibu na lile wingu". Kwa simu tegemea maneno.

Nyota ya kupenda picha usiichukulie kama tathmini. Picha za machweo hupata nyingi kuliko zote, hata zilizopigwa ovyo, na picha ngumu ya nyumba za mlimani Igogo zikiwa zimebanwa kati ya mawe inaweza kukaa wiki bila kuguswa. Tafuta idadi ya maneno, si ya nyota.

Mapungufu yapo. Kiswahili hakipo kwenye lugha za huduma, kwa hiyo mgeni atahitaji mtu wa kumwonyesha mipangilio mara ya kwanza. Wapiga picha wa Tanzania ni wachache huko ukilinganisha na Instagram, na majibu huchelewa. Anayetaka laiki za papo hapo atachoka. Anayetafuta wateja wa harusi asiende kabisa. Wateja wake wako Instagram na kwenye status za WhatsApp, na hata masharti ya akaunti ya bure hayakutengenezwa kwa biashara.

Halafu kikomo. Huduma ilianza Canada mwaka 2004, ikanunuliwa na Yahoo mwaka uliofuata, ikaenda kwa SmugMug mwaka 2018. Mwaka 2013 akaunti ya bure ilipewa nafasi ya terabaiti nzima. Tangu 2019 ni picha na video 1000, basi. Sheria zilizobadilika mara moja zinaweza kubadilika tena, kwa hiyo nakala za asili zikae kwenye diski mbili tofauti, moja isiwe nyumba moja na nyingine.

Kwa mtu anayechagua, 1000 ni nyingi. Ukipakia mbili kwa wiki utatumia miaka tisa na zaidi kuijaza. Inayoijaza ni tabia ya kumwaga matembezi mazima ya Saa Nane, picha 60 za pimbi yuleyule juu ya jiwe lilelile. Pakia moja, subiri maoni, kisha pakia ya pili iliyopigwa baada ya ushauri na uziweke kwenye albamu moja ili aliyekushauri aone tofauti. Kabla ya kufikiria akaunti ya kulipia, pitia za zamani na ufute zisizo na maoni wala mafunzo. Zenye ushauri mzuri chini yake ziache hata kama picha yenyewe ni mbovu, maana ukiifuta picha, maoni yote yanaondoka nayo.