Tope la chelezoni kabla ya kutibiwa: nilicholipia na nilichopata

Nilikuwa na bei mbili za kupima tope mezani, na nusura nichukue ile rahisi.

Mimi ni mkandarasi mdogo wa kazi za majini hapa Mombasa. Tunatengeneza magati, tunapiga nguzo, tunachimbua palipojaa. Mwenye chelezo mmoja alitupa kazi ya kuongeza kina cha mkondo unaoingiza vyombo kwake. Pale vyombo vimekuwa vikipandishwa, vikikwanguliwa na kupakwa rangi tangu enzi za baba yake. Ukichomeka mti chini ukauchomoa, unatoka mweusi kama lami, na harufu ni ya yai viza.

Tope hilo hatukukusudia kulimwaga baharini. Lingetolewa, likachanganywa na saruji, kisha likawa kifusi nyuma ya ukuta mpya wa gati. Lakini huwezi kulitibu usilolijua, na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, nao hawakupi leseni kwa maneno matupu. Ndipo nikaanza kutafuta watu wa kupima.

Wa kwanza waliniambia watakuja na mashua, wadondoshe taya za chuma mara 3, wachote tope, wanipe ripoti baada ya wiki 2. Wa pili walitaja bei zaidi ya mara 3 ya hiyo. Niliwapigia simu kwa ubishi tu, wanieleze kwa nini wananiibia. Mwanadada aliyepokea hakutetea bei hata kidogo. Aliniuliza, "Mnachimba mpaka kina gani, na tope likishatoka linakwenda wapi?" Wale wa kwanza hawakuniuliza lolote kati ya hayo.

Nilipomjibu, nikaelewa mwenyewe. Taya zinachota sentimita 10 hadi 20 za juu. Sisi tunachimba mita moja na nusu. Tena kwenye chelezo la zamani, tope la juu huenda ndilo afadhali. Kulikuwa na rangi za kuzuia chaza na magugu kwenye mabodi ya vyombo, zenye sumu iitwayo TBT. Mkataba wa IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, wa kuzizuia ulipitishwa 2001, ukaanza kufanya kazi 2008. Kilichokwanguliwa kabla ya hapo hakikuondoka. Kimefunikwa na tope lililokuja baadaye, na chini kule pasipo hewa TBT inaoza polepole mno. Kwa hiyo ningelipia vipimo vya ngozi, halafu nikachimbue nyama nisiyoijua.

Nikawachukua wa pili.

Walichagua siku ya maji mafu, bahari isipopanda na kushuka sana. Nahodha wetu, mzee aliyezaliwa akiutazama mkondo ule, alinisogelea akaninong'oneza, "Hawa angalau bahari wanaijua, mwanangu." Siku za bamvua maji hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo unavuta kiasi kwamba bomba halisimami wima.

Chombo chao ni bomba refu la chuma, ndani lina bomba jingine la plastiki angavu, na juu kuna mota inayolitikisa likazama taratibu bila kulikoroga tope. Tulipiga vituo 8. Kituo cha tatu tuligonga jabali, tukasogea. Kituo cha tano bomba lilizama sentimita 190 likatoka na tope la sentimita 140. Mimi niliona sawa tu. Wao wakaandika namba zote mbili, wakatazamana, wakalitupa lile tope na kurudia. Tope hujikandamiza ndani ya bomba, na pengo likiwa kubwa hujui tena kipande ulichoshika kilitoka kina gani.

Lile bomba la plastiki lilipopasuliwa kwa urefu, hata vijana wangu waliacha simu zao. Juu kulikuwa na utando mwembamba wa kahawia, kisha mweusi mzito wenye vipande vidogo vya rangi nyekundu na buluu, na chini kabisa udongo wa kijivu uliojaa makombe, safi, wa kabla ya chelezo. Kila tabaka lilichukuliwa sampuli yake. Hili peke yake lilikuwa na thamani ya pesa, maana wale wengine wangechanganya yote kwenye ndoo moja.

Na kuhusu ndoo, hapo tuliaibika. Kijana wangu mmoja, kwa moyo safi, alileta ndoo yetu ya mabati ili asaidie. Mwanadada akamzuia mkono. Mabati yamepakwa zinki, na zinki ni mojawapo ya vitu tulivyokuja kutafuta. Injini ya mashua nayo aliomba izimwe kila makopo yakifunguliwa, kwa sababu moshi wa dizeli una jamii ileile ya kemikali za mafuta zinazopimwa kwenye tope. Sampuli za mafuta na TBT ziliingia kwenye chupa za kioo, za madini kwenye makopo ya plastiki. Yote yakajazwa pomoni, hewa isibaki, yakazikwa kwenye barafu.

Hewa wanaikimbia kwa sababu nzuri. Ule weusi na ile harufu ni salfaidi, na salfaidi ndiyo iliyoyashika madini kama shaba, zinki, risasi na kadimiamu yasitembee. Tope likikutana na hewa, mshiko huo unaanza kulegea. Mtu akikuletea sampuli iliyopigwa jua juu ya sitaha tangu asubuhi, hapo ameshakuletea tope jingine.

Kazi ya majini, basi, sina neno nayo. Malalamiko yangu yanaanza kwenye karatasi.

Ripoti ya kwanza ilikuja na majedwali mazuri ya rangi, na karibu kila kituo kilikuwa kijani. Mwenye chelezo alifurahi. Mimi nilikuwa tayari kufurahi, ila rafiki yangu anayefundisha kemia alitupia jicho akauliza, "Hizi namba ni za tope bichi au tope kavu?" Nikashuka chini ya jedwali, kwenye maandishi ya kuhesabia kwa miwani, nikakuta: tope bichi.

Ukiona jambo dogo hapo, fanya hesabu. Chukua tope ambalo asilimia 60 yake ni maji. Ukiambiwa lina miligramu 30 za risasi kwa kilo, bichi, basi likikauka ni miligramu 75. Mshauri wetu alikuwa akilinganisha na viwango vya NOAA, shirika la serikali ya Marekani la bahari na hali ya hewa, ambavyo kwa risasi ni 46.7 chini na 218 juu. Chini ya kile cha kwanza madhara kwa viumbe huonekana kwa nadra, juu ya kile cha pili huonekana mara nyingi. Viwango hivyo ni vya tope kavu. Kwa hiyo 30 inapita na 75 haipiti, na tope ni lilelile.

Risasi hapa kwetu si neno la kitabuni. Tangu yale ya Owino Uhuru, kule Mikindani, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu, mtu wa Mombasa akisikia risasi anauliza kwanza watoto wanachezea wapi. Mlinzi wa chelezo aliniuliza hivyo hasa, na sikutaka kumjibu kwa namba ya tope bichi.

Tulipoipekua ripoti yote tukaona na la pili. Kwenye zebaki waliandika "haikuonekana" kila mstari. Lakini mashine waliyotumia ilikuwa haioni chochote chini ya miligramu 0.5 kwa kilo, na kiwango cha chini cha NOAA ni 0.15. Kutoona kwa jicho la namna hiyo hakumaanishi hakuna. Na la tatu, aseniki ilikuwa juu ajabu, hata kwenye ule udongo safi wa kijivu. Hili walilikubali haraka: tope la bahari lina chumvi, na ndani ya mashine yao klorini ya chumvi huungana na gesi ya agoni, ikawa na uzito uleule wa aseniki, 75. Mashine inahesabu chumvi ikidhani ni sumu. Maabara iliyozoea udongo wa shamba hujikwaa hapo.

Kwa haki yao, walirudia vipimo vyote 3 bila kuongeza senti. Zebaki ilipimwa kwa mashine inayoiona mpaka chini kabisa, aseniki ikashuka, namba zikageuzwa kuwa za tope kavu. Kijani kikapungua sana. Katika kurudia ndipo nikagundua kwamba TBT hawakuipima wao, waliituma kwa maabara nyingine nje ya nchi. Si kosa kutuma. Kosa ni mimi kulijua hilo kwa kusoma nembo ngeni pembeni mwa karatasi. Sampuli za kemikali kama hizo kwa desturi zinapewa siku 14 tu kabla ya kuanza kuchakatwa, na kila uwanja wa ndege unakula siku.

Kuna namba moja niliyodhani ni uzembe, kumbe sivyo. Kituo cha pili kilichukuliwa sampuli mbili za pacha, na shaba ya moja ilikuwa mara kadhaa ya nyenziye. Nikaja juu. Wakanionyesha tope lenyewe chini ya kioo cha kukuzia: ni vile vipande vya rangi. Kipande kimoja kama punje ya uwele kikiangukia kwenye sampuli, namba inaruka. Ndiyo maana walipiga pacha, na wangepiga moja tu nisingejua kama nimepata punje au nimeikosa. Vilevile kituo cha nane, mlangoni, kilionekana safi kwa sababu ni mchanga. Sumu ya madini hushika chembe laini, zile zinazopita kwenye chekeche la mikromita 63, kwa hiyo usiusifu mchanga kwa kukosa kitu usichoweza kukishika.

Sasa sehemu ninayoisifia zaidi, na ambayo kwenye bei ilionekana kama nyongeza ya kujitajirisha: majaribio ya kutibu. Walichukua tope letu la kila tabaka wakalichanganya na saruji kwa vipimo 3 tofauti, wakatengeneza vibao vya mchemraba, wakaviacha siku 28. Kabla ya hapo walipima maji yaliyomo, chumvi, na mabaki ya vitu vilivyooza, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoizuia saruji isishike. Namba za sumu zinakuambia kama una tatizo. Hizi ndizo zinazokuambia kama dawa yako itafanya kazi, na wateja wengi, nikiwemo mimi wa mwaka juzi, huwa hawazilipii.

Siku ya 28 nilikwenda mwenyewe. Mchemraba wa udongo wa kijivu ulibanwa na mashine ukagoma kama tofali. Ule wa tope jeusi la kituo cha pili, wenye saruji kidogo, ulivunjika kama kashata iliyokosa sukari. Nikasema basi, tuongeze saruji, imekwisha. Mwanadada akasema tusubiri maji.

Vipande vilikuwa vimelowekwa ili kuona kinachovuja. Kwanza waliviloweka kwenye maji safi ya maabara, nikauliza kwa nini, wakati kifusi chetu kitapigwa na maji ya chumvi maisha yake yote. Wakaongeza jaribio la maji ya bahari, na kadimiamu ikatoka zaidi, kwani chumvi huibeba. Lakini lililonitoa jasho ni risasi. Mchanganyiko wenye saruji nyingi kuliko yote ulivujisha risasi zaidi ya ule wa kati. Saruji inapandisha ukali wa magadi ndani ya maji, na risasi, kama zinki, inatulia kwenye magadi ya wastani na kuyeyuka tena yakizidi. Mimi nimechanganya saruji miaka 20 na sikuwahi kufikiri kwamba unaweza kuizidisha ukaharibu kitu zaidi ya bajeti.

Tukachukua mchanganyiko wa kati kwa tope jeusi, udongo wa kijivu ukatengwa peke yake kwa sababu hauhitaji dawa yoyote, na hapo saruji tuliyookoa ililipa sehemu nzuri ya gharama za vipimo. Kama ningechota kwa taya za chuma, ningetibu mita yote moja na nusu kana kwamba ni sumu, au nisingetibu kabisa.

Nawapa nyota 4 kati ya 5. Ya tano inabaki kwenye ile ripoti ya tope bichi. Ukienda kwa watu wa kazi hii, wao au wengine, waulize kabla ya kulipa: namba zitakuwa za tope kavu? Mashine yenu inaona mpaka wapi kwa kila sumu? Kipi mtapima wenyewe na kipi mtatuma? Na kuna makopo ya akiba wanayoyaweka kwenye jokofu ili kipimo kikibishaniwa kirudiwe. Yetu bado yako huko, na ankara ya kuyatunza inakuja kila mwezi. Hiyo nayo iulizeni mapema.