Utamaduni darasani: kipindi cha peke yake au ndani ya kila somo?

Anayemfundisha mgeni Kiswahili ana njia mbili. Ya kwanza: sarufi wiki nzima, kisha kipindi kimoja cha utamaduni, chenye picha za kanga na pilau. Ni rahisi kuipanga na kuitungia mtihani.

Ya pili huanzia kwenye salamu. "Shikamoo" haieleweki bila umri: mdogo huamkia, mkubwa huitikia "marahaba", na marika hawaamkiani hivyo. Saa nazo huhesabiwa tangu kuchomoza kwa jua, si tangu usiku wa manane. Mgeni asiyelijua hilo ataachwa na boti ya Unguja. Mimi nachagua hii, hata ikimchosha mwalimu. Kanga ikiletwa darasani, lisomwe na jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, maana mara nyingi maneno yale yana mlengwa.