Majibu ya thairoidi ya binti yangu yalivyosomwa dirishani

Kutoa damu maabara hii wanajua, hilo siwanyimi. Dada wa sindano ana mkono mwepesi, na binti yangu wa kidato cha tatu, muoga wa sindano tangu utotoni, hakulalamika hata mara moja. Majibu hayacheleweshwi. Kwa hayo ningewasifu. Shida ipo pale dirishani wanapotolea karatasi.

Ni maabara binafsi hapa Mbeya mjini, jina naliacha. Binti ana tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, iliyolegea, haitoi homoni ya kutosha, anameza levothairoksini, dawa ya kuziba pengo la homoni hiyo, kila siku, na daktari akigusa dozi inabidi TSH, homoni inayoiamsha thairoidi, ipimwe tena baada ya wiki 6 hadi 8. Siku hiyo mimi nilikuwa kwenye foleni ya malipo, yeye akatangulia dirishani. Akamwamkia kaka wa pale, akaitikiwa marahaba bila hata kutazamwa. Yule kaka akashika kalamu nyekundu, akaizungushia duara herufi H, yaani juu ya kiwango, iliyo mbele ya TSH, 18 na ushee, akasema watu wote wanasikia: "We dada, hii imezidi mno. Hizo dawa unameza nyingi, pumzika kwanza."

Pumzika kwanza! Nani kamtuma?

TSH inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, kazi yake ni kuisukuma thairoidi izalishe homoni. Homoni ikipungua mwilini, TSH inapanda. Kwa mtoto kama wangu, TSH ikiwa juu maana yake dawa haitoshi, au hamezi, au anameza lakini mwili hauipati. Na mstari wa pili wa karatasi hiyohiyo ulisema wazi: T4, homoni yenyewe ya thairoidi, herufi L, chini ya kiwango. Hakushusha macho mpaka hapo.

Binti hakuniambia kitu. Mtu amevaa koti jeupe, kwa nini asimwamini? Akarudi bweni, akaacha vidonge. Ubaya wa dawa hii ni kwamba haitoki mwilini haraka, inachukua kama wiki nzima kupungua nusu, kwa hiyo siku za mwanzo hakuona tofauti, akazidi kuamini. Siku ya kutembelea wanafunzi nilimkuta macho yamevimba, sauti nzito, sweta mbili mchana kweupe. Walimu hawakushtuka, maana ilikuwa mwezi wa sita, na kwa baridi ya Uyole nani havai sweta? Anasinzia darasani, wanamwita mvivu. Nililia kwenye bajaji njia nzima.

Daktari hakuongeza hata mikrogramu moja. Aliuliza tu: kabla hajaacha, alikuwa anameza na nini? Kumbe matroni alikuwa akimpa kila kitu kwa mkupuo asubuhi, pamoja na vidonge vya kuongeza damu, juu ya uji wa maziwa. Madini ya chuma na kalisiamu hunasa dawa hii tumboni isifyonzwe. Sasa anameza akiamka, kwa maji matupu, uji unasubiri nusu saa au zaidi, na vidonge vya damu ni jioni, maana vinatakiwa vipishane na hii si chini ya saa 4. TSH imeshuka, iko ndani ya kiwango.

Nilikuwa nimeamua kuwavumilia. Viwango hutofautiana maabara na maabara, na kumfuatilia mgonjwa ni rahisi akipimwa sehemu moja. Nikaenda kwa adabu kumweleza msimamizi wao. Akanijibu: "Mama, kijana alikuwa anasaidia tu." Anasaidia! Mtoto kakaa bila dawa, mtu ananiambia msaada. Hata pole hakunipa.

Basi, kuvumilia kumeisha. Kipimo kijacho tunapeleka kwingine. Karatasi zote za nyuma nimeshazitoa nakala, pamoja na ile yenye duara jekundu, daktari atalinganisha mwenyewe na viwango vya mashine ya huko.