Baiskeli na washkaji: Mto wa Mbu au Limuru?

Kama mko kundi na mnataka kuzunguka polepole huku mnapiga stori, mi nasema Mto wa Mbu, ule mji wa Tanzania karibu na Ziwa Manyara. Njia tambarare, mnapita katikati ya migomba na majaruba ya mpunga, maji ya mfereji yanapita pembeni kabisa ya tairi, na hata yule ambaye hajapanda baiskeli tangu shule anaenda tu, afu mkisimama kuna ndizi nyekundu za kununua hapohapo, tamu balaa.

Limuru ya Kenya nako kuzuri jamani, chai kila upande, imeanza kupandwa kule 1903, ila ni juu, zaidi ya mita 2,000, vilima haviishi, kundi linakatika wa mbele hawaoni wa nyuma. Na baridi, beba sweta. Wenye pumzi ndo waende huko.