Servisi ya batoto benye woga wa vita kule Ndosho: banatunza nyumba yote, si mutoto peke yake

Batu mingi bananiuliza ku WhatsApp ile fasi tulipeleka mutoto wa dada yangu, basi nielezee hapa mara moja. Iko ndani ya sentre moja ya afya pale Ndosho, hapa Goma, kuna sikologi mumoja na bamama babili ba APS (ajan psikososial, benye kusaidia batu mu roho na mu mawazo), jina nitatuma kwa mwenye kuniandikia.

Mutoto eko na miaka saba. Tangu mwisho wa Januari 2025, ile wiki mabomu ilianguka mu bakartie, akarudia kukojoa ku kitanda, pikipiki ikilia kwa nguvu anaingia chini ya meza, na kila asubuhi tumbo inamuuma. Tulimupa dawa ya minyoo, tumbo ikabaki vile vile. Akipewa bic na karatasi anachora tu batu banalala chini.

Kile nilipenda sana ni kwamba APS hakumuita mutoto peke yake. Aliuliza, nani analala mu ile nyumba? Akataka bote, mama, papa, kaka mukubwa, mpaka koko. Papa yake alikataa, akasema yeye hana ugonjwa wowote. APS akamupigia simu na heshima: "Papa, sikuite juu uko mugonjwa, nakuita juu mutoto mbele ya kuogopa anaangalia kwanza uso yako." Akakuja, na tangu hapo alikuwa anakuja.

Sikologi alitueleza banafuata njia yenye inaitwa TF-CBT, ni matunzo ya maongezi ya batoto benye mambo mabaya iliwashtua, pamoja na muzazi, ilitungwa Marekani na Judith Cohen, Anthony Mannarino na Esther Deblinger, mara nyingi ni seansi 8 mpaka 25. Nilifurahi kusikia kwamba ilijaribiwa na batoto ba hapa kwetu mashariki ya Kongo, matokeo ikatoka 2013, na dalili za batoto zilipungua sana. Banaanza na mwili, kupuliza pumzi polepole kama vile unapoza chai, na muzazi naye anapuliza. Kisha mutoto anajifunza kusema hii ni woga, hii ni hasira, hii ni huzuni. Hadithi ya mambo yenye mutoto aliona inakuja nyuma, kidogo kidogo, na michoro, hakuna mwenye kumulazimisha. Na wakati huo mama anatayarishwa pembeni, aweze kusikia yote bila kumukata mutoto na bila kumwambia "sahau tu". Mimi naona hapo ndipo kazi yao yote iko.

Koko naye alikuwa na yake. Volkano ya 22 Mei 2021 ilimukimbiza mpaka Sake, na tangu ile siku udongo ukitetemeka kidogo anaita bote batoke inje, usiku wa manane pia. Mutoto alikuwa anaona ile kila mara. APS akafanya na koko seansi yake, wakapatana kwamba usiku koko ndiye atamusimulia mutoto hadithi, saa ile ile kila siku, bila redio ya habari kuwashwa. Mimi niliona hiyo ilisaidia kupita vyote, mutoto akaanza kulala mpaka asubuhi. Kukojoa kunarudi bado wakati masasi zinasikika, hawakutudanganya kwamba itaisha yote.

Sasa kasoro, na ni za kweli. Chumba kimegawanywa na shitingi tu, batu benye kungoja inje banasikia, na mambo ya mutoto haistahili kusikiwa na jirani. Randevu zote ni asubuhi, saa bamama beko sokoni, ikibidi uchague kati ya seansi na chakula cha ile siku. Fishi imeandikwa mu Kifaransa peke, koko hakuelewa kitu alitia kidole. Tena tangu Marekani ikate misaada mwanzo wa 2025 projet mingi zimefunga hapa Goma, APS wa kwanza aliondoka katikati na mutoto akamulilia, ilibidi kuanza kuzoea mwingine.

Hatukulipa kitu isipokuwa fishi. Nabapa nyota ine ku tano. Ukienda, usiende wewe na mutoto tu, nenda na ule mwenye analala naye chumba kimoja, na umwambie APS mapema kama mutoto anaanguka kifafa ao ana homa, juu huyo watamutuma kwanza kwa dogta.