Saa ya jikoni ya kuzungusha: naipendekeza kwa mwanafunzi anayesoma akiwa nyumbani

Ni saa ndogo ya plastiki yenye umbo la tungule, ya kuzungusha kwa mkono, namba zake zinakwenda mpaka 60. Haina betri wala waya. Imetengenezwa kwa ajili ya jikoni, mtu asiunguze keki yake. Yangu nimeinunua hapa Unguja, Darajani, kwenye maduka ya vyombo kwa shilingi 7,000, muuzaji alianzia 10,000, na tangu muhula uliopita iko juu ya meza yangu ya kusomea. Naisifu kwa moyo mkunjufu. Ina kasoro zake pia, nitazitaja.

Kusoma kwa saa ya jikoni si ubunifu wangu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanafunzi wa chuo huko Italia, Francesco Cirillo, alikuwa hatulii na vitabu, akachukua saa kama hii na kujipimia muda mfupi wa kusoma bila kunyanyuka. Mbinu yake ikaenea duniani kwa jina la Pomodoro, yaani tungule kwa Kitaliano: dakika 25 za kazi moja tu, dakika 5 za kupumzika, hiyo ni duru moja, na kila baada ya duru 4 unapumzika kwa dakika 15 mpaka 30.

Programu za simu zinazohesabu dakika hizo zipo tele, na nyingine ni za bure. Ila simu ukiishika uangalie zimebaki dakika ngapi, unakutana na kundi la darasa: CR, yaani kiongozi wa darasa, kaweka tangazo, watu wanaitikia mmojammoja, katikati mtu katia picha za harusi ya jana. Ukija kuinua kichwa, duru imekwisha na ukurasa ni uleule. Saa hii haina jingine inalolijua zaidi ya kuhesabu na kulia. Simu yangu naiacha chumbani kwa mama, inachaji huko.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni namna saa hii inavyokaa katika nyumba zetu. Maelezo mengi ya kupanga muda yameandikwa kwa mwanafunzi aliye peke yake chumbani, siku yake anaigawa apendavyo. Mimi nakaa Fuoni, nasoma Tunguu, niko mwaka wa tatu wa ualimu na ndiye binti mkubwa nyumbani. Siku yangu imeshagawiwa kabla sijashika kalamu: sala tano, foleni ya gari, jikoni, wadogo zangu wa skuli na madrasa. Cirillo anataka duru ikishaanza isikatizwe, na anayekuita umwambie utamrudia baadaye. Kwetu mama akiita, jibu ni "Labeka mama", na mguu uko njiani tayari. Wala sitaki iwe vyengine.

Kwa hiyo kabla sijaizungusha, napita jikoni kwanza. "Mama, kuna la kufanya kabla sijakaa?" Kama kuna nazi ya kukuna, nakuna. Kama maji ya mfereji yanatoka, najaza ndoo, maana hayo hayamsubiri mtu. Halafu namwambia, "Basi mimi nakaa mpaka saa ilie." Naiweka mezani, mlango nauacha nusu wazi, na ile tik-tik inasikika mpaka uwani. Siku za mwanzo mama alikuwa akiuliza kitu gani kile kinachogonga. Sasa ndiye anayenilindia. Juzi mdogo wangu alikuja mbio na daftari la hesabu, nikamsikia mama huko nje: "Muache dada yako, saa yake haijalia." Mtoto akakaa kizingitini akaisubiri. Ilipolia akaingia, tukafanya hesabu yake ndani ya zile dakika 5, ingawa kusema kweli zilifika 10.

Ningekuwa nimevaa spika za masikioni na simu mbele yangu, nani nyumbani angeamini kuwa nasoma? Saa inayogonga kila mtu anaisikia, inaanza wakajua, inakwisha wakajua. Ukishaahidi kuwa ikilia utatoka, na kweli ukatoka, watu wanakuamini na muda wako wanauheshimu. Kwa hilo peke yake nimeona 7,000 yangu imerudi.

Jengine lililonifurahisha ni jinsi dakika hizi zinavyoingia baina ya sala. Visiwa vyetu viko karibu na ikweta, jua linazama baina ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro dakika 10 mwaka mzima. Baina ya Magharibi na Isha kuna muda wa saa nzima na kama dakika 10 hivi. Ukishasali na kumaliza nyiradi zako, zinabaki duru 2 kamili, na mpango huo ukiupanga Januari, Julai bado unafaa. Alfajiri ni hivyohivyo: kutoka kusali mpaka jua kuchomoza napata duru 2, na hizo ndizo tamu kuliko zote, nyumba kimya, hata moto wa chai haujawashwa. Masomo yanayotaka kichwa, kwangu ni takwimu za elimu, nayaweka hapo. Baada ya Magharibi naandika kazi na kupanga nukuu. Ramadhani hesabu inabadilika, jioni yote ni ya futari na tarawehe, basi nazihamishia duru zangu baada ya daku.

Saa hii pia inakupa kipimo. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti 1, yaani kile kipimo cha uzito wa somo, inahesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, ukichanganya mihadhara, semina, kazi za kuandika na kusoma mwenyewe. Somo la krediti 12 basi lina saa 120. Ukizigawa kwa wiki 15 za muhula unapata saa 8 kwa wiki, na darasani labda umekaa 3. Zile 5 zilizobaki ni duru 10 za nusu saa kila wiki, kwa somo moja. Wenzangu wengi hawajawahi kuifanya hesabu hii, wanashangaa tu wiki ya mitihani ikifika wamezidiwa, na mimi naona uchungu kwa sababu ni watu wenye akili na bidii. Kila saa ikilia natia alama pembeni mwa daftari, na Alkhamisi usiku naziangalia: somo gani limepata haki yake, lipi limedhulumiwa.

Sasa kasoro. Kwanza, si sahihi sana. Nikiipima na simu, dakika 25 zake huzidi au hupungua kwa moja au mbili. Kwa kusoma si neno. Pili, ile tik-tik inayonisaidia mchana, usiku ni kero kwa ninayelala naye chumba kimoja. Naikunjia kanga chini yake, sauti inapungua. Tatu, ukitaka dakika 5 za mapumziko hutakiwi kuizungusha kidogo tu, utaona inasimama bila ya kulia. Izungushe mpaka mwisho kwanza, halafu irudishe kwenye 5. Nne, maktaba usithubutu kuipeleka, wala bweni la watu wanne. Huko tumia saa ya mkononi.

Kwa hiyo anayekaa bweni simshauri sana, simu iliyozimwa data inaweza kumtosha. Namshauri anayeishi na wazazi, au kwa shangazi, au aliyeolewa akaendelea na chuo, yule ambaye muda wake una wenyewe wengi. Umeme ukikatika nayo haina habari, taa ya kuchaji ikiwepo unaendelea.

Ukenda kununua, usikubali iliyofungwa kwenye nailoni bila ya kuijaribu. Izungushe mpaka 60, iweke sikioni: mlio uwe sawasawa, usisite. Kisha irudishe kwenye dakika 2, msubiri pamoja na muuzaji mpaka ilie. Kengele fupi inayokatika kabla ya kuhesabu tatu haitasikika jikoni, hiyo muachie. Na zipo zenye umbo la yai pia, bei moja, ndani ni kitu kilekile.