Nimeitumia Family Link kwa mwanangu wa miaka 15

Mzazi anayetafuta programu ya kusoma meseji za mtoto kwa siri, Family Link haitamfaa. Ni programu ya mzazi kusimamia simu ya mtoto; Google waliitoa mwaka 2017, ni ya bure, na haikuonyeshi hata neno moja analoandikiana na wenzake. Utaona ametumia programu zipi na kwa muda gani, utaulizwa kabla hajapakua mpya, utajua simu yake iko wapi, na simu itajifunga saa uliyopanga. Tena kijana aliyekwisha kuwa na akaunti yake lazima akubali mwenyewe kuunganishwa. Hilo ndilo lililonivutia. Mtoto wa miaka 15 hapelelezwi, mnakubaliana.

Kinachonifurahisha kuliko vyote ni saa ya kulala. Tuliiweka saa 4 usiku. Ikifika, skrini inafungwa. Mwanzoni alinuna kwelikweli, kisha akawa anakuja mlangoni kwangu, simu mkononi: "Mama, niongezee dakika 15 tu, tuko katikati ya mchezo." Dakika za nyongeza nazitoa kwenye simu yangu, kwa hiyo ilibidi tuongee. Hapo mlangoni ndipo nilipojua anacheza na nani, nani kamnunia nani, na kwa nini juzi alirudi kutoka shuleni kimya.

Ripoti ya matumizi tunaisoma pamoja, na nashauri kila mzazi afanye hivyo kabla hajaanza kufoka. Mimi niliona saa nyingi za video nikapandwa na hasira. Kumbe karibu zote ni masomo ya gitaa. Programu iliyoonyesha dakika chache tu ndiyo yenye kundi la darasa lao, na ndiyo inayomkosesha raha. Namba peke yake isingenieleza hayo. Ukomo wa saa kwa siku nimeuzima.

Ramani nayo siihitaji sana. Enzi zetu, siku za likizo tulitoka asubuhi na mzazi alichojua ni kwamba jua likizama tutarudi. Tulikuwa wapi, na kina nani, tukifanya nini, hakuna aliyeuliza, na mengine ni heri hawakujua. Mwanangu yuko chumbani, alama yake kwenye ramani haijasogea kutwa nzima, na bado sijui yuko na nani.

Kwa hiyo wanaoinunua hofu kwamba vijana wa leo wameharibika kuliko sisi, siwaungi mkono. Tazama Marekani, ambako wamekuwa wakiwauliza wanafunzi wa sekondari wenyewe kwa miaka mingi: mwaka 1997 waliokuwa wakivuta sigara walikuwa asilimia 36.4, mwaka 2019 wakawa asilimia 6. Wasichana wanaozaa wakiwa na miaka 15 hadi 19 nao wamepungua sana huko tangu 1991. Wavutaji wa 1997 ndio wazazi wa leo! Watoto wetu wana shida nyingine: usingizi unaoliwa na simu, na upweke wa mtu aliyezungukwa na meseji. Ya usingizi programu hii inaisaidia vizuri. Ya upweke inakuachia wewe.

Naipa nyota nne. Mwenye mtoto wa miaka 9 au 10 anayekaribia kupata simu yake ya kwanza, aiweke siku hiyohiyo, mtoto akiwa amekaa pembeni anaona kila kinachobonyezwa.